Salamu Zisizomfikia Shangazi wa Simbo

Baba yangu hasomi ujumbe usio na shikamoo. Si kwamba hawezi, hataki. Ujumbe ukianza moja kwa moja na habari, yeye huuita ujumbe ulioingia dirishani, na anayeingia dirishani, anasema, haulizwi shida yake, anaitiwa mwizi.

Alikuwa karani bandarini Kigoma mpaka alipostaafu. Miaka ile watu walipovuka ziwa na mabunda kichwani wakikimbia vita vya ng'ambo, yeye baada ya kazi alikaa kwenye benchi nje ya geti akiwaandikia barua wale wasiojua kuandika. Walitaka kuwaambia ndugu zao jambo moja tu, kwamba wamefika salama. Baba aliwaandikia kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa salamu. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini habari za benchi lile nimelishwa pamoja na uji, na hadi leo sijui kama wale watu walishukuru au walikuwa wamechoka tu kubishana naye.

Nilipopelekwa shule ya bweni, kanuni zikanihusu. Shikamoo ya baba, shikamoo ya mama. Kisha "mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali nami." Kisha salamu kwa ndugu mmoja mmoja, kwa kufuata ukubwa. Ndipo sasa unaruhusiwa kusema sabuni imekwisha.

Mimi ni mtu wa kuhoji mambo. Walimu waliniita mbishi, mama ananiita mdomo, mimi mwenyewe nilijiita mwenye fikra huru, cheo nilichojipa kidato cha pili bila kumshirikisha mtu. Likizo moja nilimkabili baba barazani kwetu Ujiji.

"Baba, hofu ya nini? Nyie mko nyumbani. Ujiji kuna nini cha kuogopa?"

"Andika."

"Lakini mimi ndiye niliye mbali. Hofu ilipaswa iwe kwangu. Halafu, itakuwaje niseme mimi mzima wakati nina malaria?"

"Una malaria?"

"Sina. Natoa mfano."

"Basi andika."

Nikaendelea kuandika, lakini nilianzisha mapinduzi madogo. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, analima Simbo, na alikuwa na desturi ya kutuletea muhogo. Siku moja alinikuta nasoma, akanitazama kwa muda, akamwambia mama mbele yangu, "Huyu mtoto atasoma mpaka akauke." Nilimwondoa kwenye salamu. Tangu siku hiyo barua zangu zilisalimu bibi, zikaruka, zikatua kwa mjomba wa Kidahwe. Na kwa kuwa baba husoma barua kwa sauti mbele ya yeyote aliyepo, mara nyingi shangazi alikuwepo, akisubiri zamu yake. Haikufika. Baba alipomaliza, shangazi alikuwa akisema, "Haya, nimesikia," kisha anaomba chai. Mimi kule bwenini nilijiona nimepindua serikali.

Hiyo ndiyo silaha niliyokwenda nayo Sudan.

Nilipata nafasi ya kusomea famasia Khartoum. Mama alinifungashia dagaa kiasi cha kulisha kambi. Nilimwambia kwamba watu wa kule wana chakula chao, kwamba dunia imebadilika, kwamba begi langu litanuka. Akaongeza mfuko mwingine. Begi lilinuka. Chumba kikanuka, ukumbi wa bweni ukanuka, na mabinti wa vyumba vingine walikuwa wakipita mlangoni kwetu wameziba pua kwa ncha za mitandio yao. Aliyenitetea ni mmoja tu, mwenzangu wa chumbani, binti wa Buyenzi, Bujumbura. Siku ya kwanza aliingia, akavuta pumzi, akasalimu kwa Kirundi, "Amahoro! Nimefika nyumbani." Tulikuwa majirani wa ziwa moja tuliolazimika kwenda jangwani ndipo tujuane.

Vita vilianza asubuhi, katika lile kumi la mwisho la Ramadhani. Tulikuwa tumelala baada ya daku. Mlipuko wa kwanza ulipotikisa dirisha, mabinti wote wa ghorofa yetu walitoka ukumbini na mimi nikachukua uongozi. Nimekulia Kigoma, ambako radi hupiga mpaka vikombe vinacheza kabatini. Radi naijua. Nikawatangazia kwa Kiarabu changu cha mwaka wa pili kwamba wasiwe na wasiwasi, ni radi, mvua inakuja, aliyeanika nguo akaanue.

Hapakuwa na wingu hata moja. Kuna binti mmoja aliyekwenda kuanua nguo, Mungu anisamehe.

"Weye," mwenzangu aliniambia taratibu, "radi gani hii inapiga kwa mstari?" Kisha akaingia bafuni, akaanza kujaza maji kila chombo kilichokuwepo, hadi mfuniko wa ndoo. Mama yake alikimbia Bujumbura akiwa na mimba yake, akazalia kwenye kambi huku kwetu. Vita kwake vilikuwa kama jamaa mbaya wa familia: hampendi, lakini anamjua kwa hatua zake.

Mtandao bado ulikuwepo, ukija na kuondoka. Nikawaandikia wazazi. Shikamoo mbili, mimi mzima, hofu na mashaka ni kwenu, salamu kwa wote kasoro mmoja, na mwisho kwamba wasisikilize redio kwa sababu mapigano yako mbali sana na sisi. Wakati huo nilikuwa nimelala kifudifudi chini ya kitanda.

Simu ya baba ni ile ndogo ya vitufe, kitochi, na huwa mama anamwambia aandike nini. Jibu lilikuja, na baada ya salamu zote likasema: "Mama yako anauliza umekula nini."

Mama anaamini kwamba mtu anayekula hawezi kuwa kwenye hatari kubwa. Kwa hiyo nikaamua kumtuliza kabisa. Nikaandika shikamoo mbili, kisha, "Wali na kuku."

Nikatuma. Saa saba mchana. Ramadhani.

Jibu la pili halikuwa na salamu, jambo ambalo kwa baba ni sawa na kutoka nje bila suruali. "Mama yako anauliza umefungua kwa ruhusa ya nani."

Nikaeleza kwamba nilimaanisha nitakula jioni. Mama akauliza kuku kapikwa na nani kama watu wanajificha. Nikasema bweni lina wapishi jasiri. Kila uongo ulihitaji uongo mwingine uushike mkono, na katikati ya risasi mimi nilikuwa natokwa jasho kwa sababu ya kuku. Ukweli ni kwamba tulikuwa na dagaa wa mama. Walewale. Jioni tuliwakaanga kwenye jiko la mwisho lenye gesi, na mabinti waliokuwa wakiziba pua walikaa chini ukumbini wakichovya mkate kwenye bakuli langu bila kusema neno. Nilitamani mama awaone. Lakini ningemwambiaje, wakati kwenye rekodi rasmi sisi tulikuwa tunakula kuku?

Siku zilizofuata umeme ulikatika, na laini yangu ikafa kabisa. Idi ikapita. Tulijua ni Idi kwa sababu mwenzangu alipiga takbira akiwa anafua. Kabla simu yangu haijazima, laini ilizinduka mara moja tu, ukaingia ujumbe mmoja wa mdogo wangu wa kike, uliokuwa umechelewa njiani:

"Dada mama hali kitu. Presha imepanda. Amelala ameelekea ukutani anameza dawa na tumbo tupu. Andika hata neno moja."

Niliusoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi. Nilikuwa nimejiandaa, kadiri mtu anavyoweza, kwa risasi inayoweza kuingia dirishani. Sikuwa nimejiandaa kwa hili, kwamba vita hivi vinaweza kuniacha mimi hai vikamuua mama Ujiji, nyumbani kwake, kitandani kwake, mbali na kila bomu. Kilichokuwa kinahitajika ni neno moja, na mimi, ambaye maishani sijawahi kuishiwa maneno, sikuwa na simu ya kulipitishia.

Simu ya mwenzangu ilikuwa ya kampuni nyingine. Ilikuwa na chaji kidogo aliyokuwa akiitunza kama dawa, na aligundua kwamba juu kabisa ya ngazi, karibu na mlango wa paa, mtandao ulikuwa unachungulia. Tukapanda tumeinama. Nikaandika haraka kama mdogo wangu alivyosema, bila mapambo, maana hata mwenye fikra finyu angeelewa kwamba huu si wakati wa mapambo:

"Tuko wazima msijali nitapiga."

Ujumbe ukaenda. Baada ya muda simu ikatetemeka. Baba.

"Wewe tapeli. Juzi umenitumia ujumbe nitume ile hela kwa namba hii. Leo unatumia msiba wa watu. Mwanangu ana adabu. Mwanangu husalimia."

Nilisoma mara mbili. Mwenzangu alinipokonya simu, akasoma, akaanguka kwenye ngazi kwa kicheko. Nje bunduki zilianza tena, akanyamaza, zikatulia, akaendelea pale alipoishia.

Nikaandika: "BABA NI MIMI MWANAO!!!"

"Wote husema hivyo," baba akajibu.

"Baba yako," alisema mwenzangu akifuta machozi, "hawa walioko nje wangempa cheo. Mwandikie barua."

"Barua gani? Betri inaisha."

"Barua yenyewe. Yenye shikamoo na wajomba."

"Haiwezekani! Mtu anapigwa mabomu halafu anaanza kusalimia wajomba?"

"Mama yako hali," alisema. "Weye endelea kubishana."

Nikakaa. Nikaandika kwa kidole gumba, kwenye simu ambayo kioo chake kilikuwa na ufa katikati, barua ambayo nimekuwa nikiipinga tangu bwenini.

"Kwa baba na mama yangu wapenzi, Ujiji. Shikamoo baba. Shikamoo mama. Mimi mtoto wenu ni mzima wa afya. Hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali nami."

Hapo kidole kilisimama. Ujiji kuna nini cha kuogopa, nilimuuliza baba siku ile, nikijiona nimemkamata. Ujiji kuna mama. Sentensi ile nilikuwa nimeiandika miaka yote kama mtu anayejaza nafasi, na sasa kati ya yote niliyowahi kuwatumia tangu vita vianze, yale ya mapigano kuwa mbali, yale ya wapishi jasiri, hii ilikuwa sentensi pekee isiyo na uongo ndani yake. Mwenzangu akanikanyaga mguu. "Wajomba," akasema.

Nikawasalimu. Bibi. Mjomba wa Kidahwe. Baba mdogo anayeendesha boti za Mwamgongo. Mdogo wangu. Jirani anayetukaangia vitumbua. Nikasema tunasubiri mabasi ya kututoa, na kwamba dagaa ndio waliotulisha, kuku hakuwepo. Mwisho nikaomba mama ale. Nikatuma. Simu ikaonyesha inatuma, ikawaza, ikazima.

Hatukujua kama imefika. Mabasi yalikuja, tukaondoka na kile mtu alichoweza kubeba, na safari ile sitaieleza kwa sababu kila niliyesafiri naye anaieleza vizuri kuliko mimi. Mimi njia nzima nilikuwa mtu mmoja anayewaza kama kitochi cha baba kimepokea. Watu waliniona kimya wakadhani ni ujasiri.

Yaliyotokea Ujiji alinisimulia mdogo wangu, na tangu hapo amesimulia mara nyingi kiasi kwamba sasa ana sauti ya kila mtu.

Nyumba ilikuwa imejaa wanawake. Haukuwa msiba, kila mmoja alisema si msiba, lakini walikuwa wameketi kwenye mikeka na viatu vilikuwa vimejaa mlangoni. Shangazi wa Simbo alikuja tangu siku ya kwanza na mkeka wake mwenyewe, na hakuondoka. Kila asubuhi alipika uji, akaupeleka chumbani, akakaa kitandani na kijiko mkononi, akamwambia mama, "Wifi, geuka." Mama hakugeuka. Uji ukapoa. Mchana akaupasha.

Ujumbe wangu uliingia mchana. Ulikuwa mrefu mno kwa kitochi, kwa hiyo ulifika vipande vipande, na vipande havikufuata foleni. Cha kwanza kufika kilikuwa cha wajomba.

"Umetoka kwa yule tapeli," alisema baba. "Ila safari hii anajua watu."

"Soma!" mama akapaza sauti kutoka chumbani, bado ameelekea ukutani.

"Shikamoo haijafika."

"Nitakufa na shikamoo yako! Soma!"

Baba akasubiri. Wanawake wote wakasubiri. Simu ikalia tena, na shikamoo zikafika, zote mbili, ya baba na ya mama. Baba akavaa miwani, akapanga vipande kwa utaratibu wake, akasoma kwa ile sauti yake ya bandarini. Alipofika kwenye salamu alisoma pole pole. Bibi. Mjomba wa Kidahwe. Baba mdogo.

"Hebu rudia hapo," alisema shangazi.

"Bibi. Mjomba wa Kidahwe."

"Na mimi?"

Baba akaangalia simu, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. "Dada, hupo."

Watu wakainamisha vichwa, wakimwonea aibu. Shangazi akajipiga mapaja yote mawili.

"Ni yeye! Wallahi ni yeye yule yule! Tapeli gani angejua kuniruka mimi?" Akainuka na bakuli, akaingia chumbani akipiga vigelegele. "Wifi, geuka! Mtoto wako yu hai na kiburi chake kizima!"

Mama akageuka. Akakaa. Akaomba uji, na uji ulikuwepo, wa moto, kwa sababu yule niliyemruka alikuwa ameupasha.

Jibu la baba nililipata mpakani, nilipoomba chaji ya simu ya mwenzangu kwa mwenye kibanda. Lilianza na "Salaam kwa mtoto wetu mpenzi," likaendelea na "sisi sote huku ni wazima, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali," likanifikishia salamu za watu wengine mpaka nikajikuta nazisoma kwa sauti. Mama amekula, iliandikwa mwishoni. Vikombe viwili.

Nilipofika nyumbani, shangazi alikuwa barazani anamenya muhogo. Nilikuwa nimepanga hotuba njia nzima. Nikapiga goti.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba." Akanitazama kuanzia miguu hadi kichwani, nguo zikining'inia kama ziko kwenye kamba. "Nilisema mimi. Umekauka."

Hotuba ikaishia hapo.

Nilikaa Ujiji mwaka mzima nikitafuta chuo cha kunipokea na nusu ya shahada. Hatimaye nikapata, nchi jirani, mahali pasipo na vita na hata radi yake ni ya kawaida. Wiki ya kwanza nikawaandikia barua. Na nikiwa mtu aliyekomaa, aliyevuka mpaka kwa basi na kujifunza unyenyekevu, nikaamua kulipa deni la moyo. Baada ya bibi, kabla ya mjomba, niliandika: "Namsalimu sana shangazi yangu mpenzi wa Simbo."

Nilijisikia vizuri. Nilikuwa bado najisikia vizuri simu ilipoita.

"Uko wapi?" Ilikuwa sauti ya mama, ya chini, ya haraka. "Nani yuko hapo na wewe? Kama huwezi kusema, kohoa."

"Mama, niko bwenini. Nakunywa chai."

Baba akachukua simu. "Kuna mtu anakuamuru cha kuandika?"

"Hakuna, baba. Ni mimi. Nilitaka tu kumsalimia shangazi."

Nyuma yao nikasikia sauti ya kijiko kikigonga bakuli, na shangazi akipaza sauti kutoka jikoni: "Mwambieni anitoe! Anitoe upesi! Huyu wifi yangu ataanguka presha tena, na mimi sirudii kupika uji wa kumwaga!"

"Umesikia," alisema baba.

Nikaandika upya, kuanzia shikamoo. Mdogo wangu ananiambia baba aliisoma yote kwa sauti, na alipotoka kwa bibi akatua moja kwa moja kwa mjomba wa Kidahwe, mama alishusha pumzi akavuta sahani yake. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho.

"Haya," akasema, "nimesikia." Akaomba chai.